Tulivyomsindikiza Pindo Ng'ambo

Pindo hakuwa na mkono wa kukata. Ukimpa mkasi atakukatia shati la mtu mwenye bega moja. Lakini pindo la gauni, hapo alikuwa hana mpinzani, na ndiyo maana hata wateja walisahau jina alilopewa na wazazi wake. Katika chumba chetu cha ushonaji mimi nilikata, yeye alishona, na mwenzetu wa tatu alipiga pasi. Huyo tulimwita Pasi, na ulimi wake ulikuwa wa moto kama kazi yake. Tulianza tukiwa wasichana, tukazeekea mlemle.

Jioni tukishafunga, safari ilianza. Pindo na Pasi walinisindikiza mpaka kwangu. Mimi nikaona vibaya kuwaacha warudi wenyewe, nikawasogeza mpaka kwa Pindo. Naye Pindo, angeingiaje ndani na kutuacha njiani? Marehemu mume wangu alikuwa akisema sisi tumezoea cherehani mno, tunapita palepale kwenda na kurudi.

Kisha binti yake Pindo, nesi aliyeolewa ng'ambo, akajifungua mtoto wa kiume. Akamtaka mama yake aende, na si kutembea tu, bali akakae moja kwa moja. Pindo akasema hawezi kujibu kabla hajapaona, na hawezi kupaona bila sisi. Tukakubaliana twende wote kwa wiki moja, na siku ya kuondoka atasema kama anabaki au anarudi. Pasi alifunga safari kwenda kuona dunia. Mimi nilikwenda kumrudisha Pindo.

Basi tangu tulipofika nikawa na kazi ya kutia kasoro. Baridi nikasema itamla magoti. Majirani wa ghorofani nikasema kila mtu kajifungia kwake, ukifa hawajui. Pindo akanisikiliza, akafungua dirisha, akampungia mkono bibi mmoja wa jengo la pili. Walikuwa wameshakuwa marafiki, ingawa hapakuwa na neno hata moja walilosikilizana.

Tukapelekwa makumbusho. Kulikuwa na gauni la harusi la zamani sana, limezungushiwa kamba, na watu wote wamesimama kwa adabu wakilitazama. Pindo akainama chini ya kamba, akalipindua pindo la gauni kuangalia mishono. King'ora kikalia jengo zima. Mlinzi akaja mbio, na Pasi akajaribu kumweleza kwa vidole kwamba sisi ni mafundi, akishona hewani kama mwenda wazimu. Tulitolewa nje kwa heshima zote. Pindo alipofika barabarani akasema aliyeshona gauni lile alikuwa na haraka.

Kesho yake mlango wa treni ulijifunga tukiwa tumeshuka wawili, Pasi yuko ndani, ameshika mfuko wetu wa chakula. Tulikaa kituoni roho mkononi, mimi nikijisemea sasa Pindo ataona ubaya wa mji huu. Baada ya muda mrefu treni ikarudi, na Pasi amekaa kiti kilekile, anatafuna. Akasema hakuona sababu ya kuhangaika, treni ina reli, ingekwenda wapi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikakasirika, kwa sababu kila tulipocheka Pindo alizidi kupapenda.

Siku ya kuondoka Pindo alitoka chumbani na mkoba wa mkononi tu. Kwenye uwanja wa ndege, mbele ya mlango wanaopita wasafiri peke yao, akasema jibu bado hajalipata, sisi tutangulie. Sasa tungemwachaje arudi peke yake, mtu asiyejua hata kusoma jina la kituo? Tukamsindikiza mpaka kwenye treni. Alipoona tunarudi wenyewe kwenye korido zile za uwanja, akasema tutapotea, akatusindikiza mpaka mlangoni. Hapo tukamsogeza tena kidogo. Tuliporudi, bwana wa kaunta akazitazama tiketi zetu, kisha akanyoosha kidole juu angani.

Binti alitufuata kwa gari, uso umemvimba. Akauliza ni watu wazima gani hawa, wanaachwa na ndege kwa kusindikizana. Akatubadilishia tiketi ziwe za kesho yake, na mimi moyoni nikafurahi kama mtoto. Jioni ile tulimwogesha mjukuu pamoja, Pasi akapasha taulo kwa pasi, na Pindo akacheka kama tulivyokuwa tukicheka zamani, kabla ya waume na watoto. Niliamini kukicha atafunga sanduku.

Asubuhi binti aliteremka kuleta gari, na Pasi akatangulia na mizigo. Pindo alikuwa mlangoni, mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine bado. Sanduku lake sikuliona.

"Nimeshindwa kuamua," akasema. "Sema wewe. Ukisema turudi, nitakusanya nguo zangu sasa hivi."

Wiki nzima nilikuwa nimelitafuta neno hilo, na sasa lilikuwa mkononi mwangu. Nilimtaka arudi. Nilimtaka kuliko kitu chochote, na sidhani nimewahi kumpenda mtu mwingine kiasi kile. Chumbani mtoto akaanza kulia. Pindo hakugeuza kichwa, macho yake yalikuwa kwangu, lakini mguu ule usio na kiatu ulikuwa umeshageuka kuelekea ndani.

"Vua kiatu, mwenzangu," nikamwambia. "Mtoto analia."

Akavua. Mimi nikashuka ngazi peke yangu.