Kisigino Aingia Ukumbini

Mume wangu ni fundi viatu, na mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Alizaliwa hivyo. Nasema mapema ili msije mkaanza kumhurumia katikati ya habari, maana hajawahi kuiomba huruma ya mtu. Watu humwita Kisigino kwa sababu ya kiatu chake cha kushoto. Kina soli nene aliyoitengeneza mwenyewe, raba juu ya raba na ngozi juu yake, na ukikiinua kiatu hicho unadhani umeinua tofali. Akikivaa anatembea sawasawa, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni. Akikivua anachechemea waziwazi, lakini anakuwa mwepesi, na hapo huwezi kumzuia asicheze.

Anacheza jikoni asubuhi, pekupeku, chai ikichemka. Redio ipige wimbo wowote, hata wa tangazo la sabuni, mguu mfupi utashuka, bega litafuata, mguu mrefu utamwinua, na mikono itafanya mambo ambayo sijui kayatoa wapi. Miaka ishirini na sita nimeyatazama hayo nikiwa nimesimama na mwiko mkononi.

"Njoo," ananiambia.

"Chai itamwagika," namjibu.

Kwa majibu yangu, chai ya nyumba ile ingekuwa imeshafurika mpaka barabarani.

Mimi sichezi. Nina miguu miwili mizima na sichezi. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilicheza kwenye sherehe ya nyumbani, nikasikia raha ambayo sikuwa naijua, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, shangazi zangu walikuwa wanacheka huku wameegemeana, na mmoja anasema, "Mwacheni, anaua mende." Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyenipiga wala kunifukuza. Lakini tangu siku hiyo muziki ukianza mimi natafuta vyombo vya kuosha, na ukoo mzima unanisifu kwamba ni mchapakazi.

Kibanda cha Kisigino kiko nyuma ya soko, kati ya fundi simu na mama anayeuza ndoo. Ndani mna kigoda kimoja, kopo la gundi, misumari ndani ya bati la maziwa, na viatu vya watu vimefungwa jozi jozi kwa kamba. Ukimpelekea kiatu hakitazami juu. Anakigeuza, anasoma soli. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri za nyayo za mtaa ule anazo yeye. Anasema mtu wa haraka huisha nyuma, na mwenye mawazo mengi huisha pembeni kwa kuburuta. Anayecheza huisha mbele, chini ya dole gumba, panatokea kiduara kidogo, maana hapo ndipo anapozungukia. Kuna mwalimu mkuu mmoja, mama mkali ambaye wanafunzi wake hawajawahi kuyaona meno yake. Siku moja alileta viatu vyake vyeusi vitiwe kisigino, na cha kulia kilikuwa na kiduara kimechimbika kama kisahani.

"Anacheza chumbani," Kisigino aliniambia, amefurahi kuliko siku ya malipo. "Mlango kaufunga." Hajamwambia mtu mwingine, na mimi nawaambia ninyi kwa sababu mwalimu mwenyewe ameshahamishwa.

Siku hiyo nikafanya kosa la kumuuliza, "Na vyangu?"

Akavigeuza. "Vyako vimeisha sawa kote. Hivi ni vya mtu aliyesimama."

Alisema kwa upole, na nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikamuuliza kwa nini mwalimu mzima ajifungie chumbani kucheza, kwani anaiba? Alikuwa anapitisha uzi kwenye nta. Akasema, "Mtu akikucheka ukiwa unalia, unamchukia yeye. Akikucheka ukiwa unacheza, unajichukia mwenyewe. Sasa nani anataka hayo?" Nikamuuliza yeye mbona hajichukii. Akasema yeye alichekwa kutembea kabla hajajua kucheza, kwa hiyo alipofika kwenye kucheza watu walikuwa wameshachoka.

Tuna mtoto mmoja, binti, ni muuguzi. Mwaka huu akapata mchumba, kijana mwenye adabu kutoka nyumba ya watu wazito. Baba mkwe ni mkuu wa idara fulani na anafunguliwa mlango wa gari. Ukumbi ukakodiwa, ratiba ikapigwa chapa, na kwenye ratiba hiyo, saa tisa na nusu alasiri, palikuwa na mstari mmoja: wazazi wa bibi harusi kuingia. Mnaujua uingiaji huo. Milango inafunguliwa, muziki unawekwa, watu wanasimama, na baba na mama wanatakiwa waingie wakicheza kutoka mlangoni mpaka meza ya mbele, kamera ikiwafuata.

Niliusoma mstari ule, nikaanza kuyaona yatakayokuwa. Niliwaona wakwe wamejipanga. Nilimwona Kisigino anashuka na kupanda, na mimi kando yake nimekauka kama nguzo ya umeme, tunatazamwa. Nikafanya jambo ambalo sitalipamba. Nilikwenda kwa kaka yake mkubwa, karani mkuu, mwanamume mrefu anayejua kuvaa, nikamwambia, "Shemeji, binti ameomba uingie na mimi wewe. Anaona haya kwa ule mguu wa baba yake." Kisha nikamwambia binti, "Baba yako mguu unamsumbua siku hizi, amesema hataweza kuingia. Baba yako mkubwa atamshikia nafasi." Binti akahuzunika, akasema baba apumzike basi. Hakuwa ameomba lolote. Haya ile ilikuwa yangu mimi, nikamvika mtoto.

Kisigino sikumwambia kitu. Nilikuwa nasubiri wakati mzuri, na wakati mzuri wa jambo kama hilo haupo.

Alhamisi kaka yake akaenda kibandani na viatu vyake vya kahawia. Akadhani yameshazungumzwa. Akasema, "Mdogo wangu, nitilie soli ya ngozi, laini, iteleze vizuri. Jumamosi naingia na shemeji ukumbini."

Haya nimesimuliwa na mama wa ndoo, aliyesikia yote. Anasema Kisigino hakuacha kugonga nyundo. Aliuliza tu, "Nani kapanga?"

"Binti mwenyewe. Si unajua wakwe walivyo."

"Njoo uvichukue kesho jioni," akamwambia.

Ijumaa alirudi nyumbani na viatu vile vimefungwa kwenye gazeti, kwa kuwa kaka yake hakupata nafasi ya kuvipitia. Akaviweka mezani, akakaa, akaniuliza, "Mtoto wangu ananionea haya?"

Hapo nilipewa mlango, na ulikuwa wazi. Nikasema, "Aah, baba, ni mambo ya wakwe tu hayo, usiyatie moyoni. Wewe utakaa pazuri, utaona kila kitu." Nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mume wangu wa miaka ishirini na sita. Akasema, "Sawa."

Alipoingia ndani nilifungua gazeti. Niseme ukweli, nilipitisha vidole ndani ya viatu vile nikitafuta msumari, nikitamani niukute, walau tuwe wabaya wawili. Sikukuta. Soli ilishonwa kwa uzi uliofichwa, ukingo umepigwa rangi na kung'arishwa, ndani laini kama shavu la mtoto. Kazi bora kuliko zote nilizowahi kuziona mikononi mwake alimfanyia mtu anayekwenda kuchukua nafasi yake.

Jumamosi asubuhi chai ikachemka, redio ikapiga. Kisigino alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni amevaa kiatu chake kizito, kamba zimefungwa mpaka juu, mikono mapajani. Wimbo ulikuwa wa aina anayoipenda. Hakutikisa hata kidole. Nikainuka nikazima redio.

"Iache tu," akasema. "Haijakosa kitu."

Nikaiwasha tena. Tukausikiliza wimbo mpaka ukaisha.

Saa tisa alasiri nilikuwa nje ya mlango wa ukumbi na shemeji. Alikuwa anajaribu miguu yake kwenye sakafu, anateleza kidogo kulia, kidogo kushoto, ameridhika. "Mdogo wangu ni fundi bwana," akasema. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona fundi mwenyewe, amekalishwa nyuma ya nguzo, karibu na meza ya wapiga picha, kiatu kizito amekinyoosha mbele. Wageni walikuwa wanakiruka kwenda kutafuta viti. Mmoja akajikwaa, na mume wangu ndiye aliyeomba radhi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hufichwa nyuma ya nguzo. Nilishikwa na hasira, na kwa mara ya kwanza wiki ile haikukosea njia, ilinijia mimi.

Mshereheshaji akatangaza, "Wazazi wa bibi harusi wajiandae." Nikauachia mkono wa shemeji, nikasukuma mlango, nikapita kando ya ukuta mpaka kwenye nguzo, nikachuchumaa na gauni langu lote.

"Si binti," nikamwambia. "Ni mimi. Binti hakusema neno. Yeye nilimwambia mguu unakuuma."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu huyu. "Wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo miaka yote ile jikoni ulikuwa unanionea haya."

"Hapana. Jikoni hakuna watu. Nilikuwa naona haya kusimama nawe watu wakitutazama. Wewe unajua kucheza. Mimi najua kusimama tu, wewe mwenyewe ulisema."

Mshereheshaji akatangaza mara ya pili. Sikumwomba msamaha, hapakuwa na nafasi ya kuuombea. Kisha Kisigino akainama, akafungua kamba za kiatu kizito, akakivua, akavua na kile cha pili na soksi zote mbili, akavisukuma chini ya kiti. Akasimama, bega moja juu, jingine chini. Akachechemea kando ya ukuta mpaka nje ya mlango, nami nyuma yake.

Shemeji alimwangalia kuanzia miguuni. "Mdogo wangu, watu wataangalia."

"Ndicho walichoalikiwa, kaka."

"Basi vaa japo kiatu."

"Kile nilikuwa nawavalia ninyi," akasema Kisigino, akanishika mkono.

Milango ikafunguliwa. Muziki ukatoka ndani ukatupiga kifuani. Mguu mfupi ukashuka, na kwa kuwa alikuwa amenishika sawasawa, nami nikashuka. Akapanda, nikapanda. Sikuwa na mtindo wangu wa kucheza, nilikuwa na mkono wake tu, na mkono ule ulikuwa unachechemea. Basi nikachechemea naye. Watu wa meza ya mlangoni walidhani namwigiza mume wangu kwa dharau, nikaona mama mmoja ameziba mdomo. Nyuma yake mtu akacheka. Ni kicheko kilekile, nilikitambua, kimenifuata miaka arobaini bila kuzeeka. Miguu yangu ikauliza vyombo viko wapi.

"Unanikanyaga," Kisigino akaninong'oneza.

"Leo utakanyagwa," nikamwambia.

Tukaendelea. Macho hayana pazia, nikawaacha watazame. Simu ziliinuliwa, zikawa nyingi kuliko vichwa. Baba mkwe aliweka glasi chini akakunja uso, sijui kwa hasira au kwa kutafuta miwani, na sikujali ni lipi. Katikati ya ukumbi, mume wangu akazungukia kwenye mguu ule mfupi, mzunguko mzima, taratibu, kwenye pigo hasa la ngoma, na mimi nikazunguka naye vibaya nikaangusha kitambaa cha mtu mezani. Halafu, jamani, nikaisikia. Raha ile ya miaka kumi na mmoja. Ilikuwa pale pale nilipoiacha. Ila mara hii sikufumba macho, niliwatazama wote waliokuwa wanacheka, mmoja mmoja, nikiwa naendelea kucheza.

Tulipofika meza ya mbele binti yetu alikuwa amesimama, shela imemwangukia begani. "Baba," akasema, "mama alisema mguu unakuuma."

"Mguu huu haujaniuma tangu nizaliwe," baba yake akamjibu.

Binti akanigeukia. Ameshaelewa, ni muuguzi, amezoea kusoma nyuso za watu wanaodanganya kuhusu maumivu. Machozi yalimjaa na sikujua kama ni ya kwangu au ya baba yake. Kabla hajasema neno, wimbo ukakatika, na mshereheshaji akatuonyesha viti kwa mkono. "Makofi kwa wazazi wetu. Sasa wakae, ratiba inatubana."

Kisigino alianza kugeuka akae. Mimi nilibaki nimemshika, na ndimi niliyejibu, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni alikosimama shemeji na soli zake mpya.

"Hatukai. Rudieni wimbo," nikasema. "Huyu nilimficha, hamkumwona vizuri."