Maksai wa Mahari

Watu wa Tinde walipenda kusema baba yangu alikuwa na bahati. Bahati gani, jamani? Mtu aliyeanzia chini ya ardhi kule kwenye dhahabu ya Geita, akapasua mawe hadi kifua kikaanza kumkwaruza, akatoka na baiskeli moja tu! Kwa baiskeli hiyo alitoa samaki wakavu ziwani akawauzia wachimbaji, kisha chumvi, kisha kaniki. Vita kuu ya pili ilipokwisha alikuwa na duka la bati kando ya barabara, na cherehani barazani.

Jioni alifunga duka mapema, akala na sisi watoto mkeka mmoja, wasichana kwa wavulana. Wenzake walimcheka, maana mwanamume na heshima zake hali na mabinti. "Sasa nile na nani?" alikuwa akiwajibu. "Na mizani?"

Ila jambo moja halikuwa sawa. Mama alimfuata baba wakati baba hana hata ndama, na mahari haikutoka. Kwetu Usukumani, mwanamke asiyetolewa ng'ombe, watoto wake ni wa baba yake. Tulikuwa wanne, tumezaliwa na kulelewa Tinde, lakini kwa mila tulikuwa wa babu, mzaa mama, aliyekaa upande wa Mhunze. Hakuna aliyelisema hilo mpaka mimi, mkubwa wao, nilipovunja ungo na wanaume wakaanza kuuliza habari zangu. Hapo babu akatuma watu waje kutuchukua. Mama alilia, akabaki Tinde na baba, sisi wanne tukaenda. Mila haina polisi, lakini nani angebisha?

Haukupita muda baba akaja na ng'ombe. Nikawaona kwa mbali, nikashangilia peke yangu uani. Walikuwa maksai watupu, wanono, migongo inang'aa. Baba mwenyewe kavaa kanzu mpya, uso umejaa furaha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe."

Babu akawazunguka na fimbo yake. Akainama akachungulia chini ya wa kwanza, akachungulia wa pili, akasimama.

"Mkwe, umetuletea nyama."

"Mnadani hakuna ng'ombe wa bei kuliko hawa, baba."

"Binti yangu amekuzalia wanne. Hawa watanizalia nini?"

Wajomba walicheka mpaka wakakaa chini. Niliwachukia siku ile, lakini baba nilimkasirikia zaidi. Ala! Hata mtoto wa kuchunga ndama anajua mahari ni mitamba, majike yatakayozaa! Baadaye ndipo nilipoelewa. Baba alikua yatima asiye na zizi, kisha akaingia machimboni. Ng'ombe alikuja kuwajua mnadani, na mnadani aliye mzito ndiye bora.

Babu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia alete mitamba kabla ya mvua za kwanza, la sivyo mimi ningeolewa na mzee mmoja wa pale aliyekuwa nayo tayari, na wadogo zangu wangebaki. Yule mzee nilimjua. Alikuwa na wake wawili na kikohozi.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na mwenye mtamba hakutaka kuuachia. Baba akawauza maksai kwa hasara, haikutosha. Akauza cherehani. Mwisho akamuuzia duka Mwarabu jirani yake, pamoja na bati na bidhaa. Mama alinisimulia jinsi marafiki wa baba walivyomjia juu: uharibu jasho la miaka yote kwa watoto ambao hata wakikaa Mhunze watakuita baba?

"Kuitwa baba, hata mlevi huitwa," akawajibu.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika alipofika, anaswaga mitamba mwenyewe, miguu imepasuka, kanzu hana. Nilikimbia nikamshika mkono mbele za watu, sikujali. Babu akainama tena, akachungulia mmoja mmoja, hana haraka hata kidogo. Mmoja alikuwa na mimba.

"Hawa sasa ni ng'ombe," akasema. "Chukua watoto wako."

Tuliondoka kesho yake alfajiri, kwa miguu. Baba alimbeba mdogo wetu mgongoni na furushi langu kichwani. Hatukuwa na duka la kurudia, kulikuwa na chumba cha kupanga tu na mama ndani yake. Nilimwonea huruma. Njiani tukamkuta bibi mmoja anatayarisha shamba lake.

"Mwangaluka," akatusalimu, akatutazama sote. "Watoto wa nani hawa?"

"Wangu," akasema baba.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akarudia jembe lake. Lakini baba hakuondoka. Akatua furushi chini, akapaza sauti mpaka yule bibi akageuka.

"Mama, ni wangu. Wote wanne."