Diski ikifika nyuzi hamsini, Mama Picha huzima

Saa saba na nusu mchana, joto la studio limeshamlegeza kila mtu. Mama Picha ameketi mbele ya kompyuta iliyovuliwa mfuniko, macho kwenye tarakimu ndogo ya joto la diski pembeni mwa skrini. Arobaini na tisa. Feni pekee ya nyumbani kwake inaipuliza diski. Yeye anajipepea kwa bahasha.

Mwanamume anaingia akihema. "Mama, kaka yangu amefariki. Alipiga picha hapa miaka sita iliyopita. Tunazika saa kumi na hatuna picha yake hata moja."

"Pole sana, mwanangu." Tarakimu inaruka hadi hamsini na moja. Mama Picha anaizima mashine. "Nipe nusu saa ipoe."

"Yaani marehemu aisubiri kompyuta? Mungu wangu!"

Maneno hayo ameyazoea. Kila mteja anayo dawa yake, na wengi humwambia aweke barafu. "Barafu ikitoa maji humo ndani, tumekwisha," anasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza. Yeye hufagia vumbi kwa brashi ya rangi kila Jumatatu. Diski ameishusha chini, penye upepo, na waya amezifunga kando zisiuzibe.

Mashine ina miaka kumi na tatu, na imebeba sura za watu kama elfu tisa. Amenunua diski mpya, lakini kunakili ndiko kunakoichemsha ya zamani. Dakika ishirini tu, basi, anazima. Huu ni mwezi wa tano tangu aanze.

"Kunakili picha zote hizi kwenye diski mpya kumenichosha, sikufichi," anasema. "Mgongo umechoka, macho yamechoka, na kelele za watu ndiyo usiseme."

Mwanamume ameketi kwenye kiti cha kupigia picha, hasira zimeanza kumshuka. "Na zako mwenyewe umeshanakili?"

Mama Picha anacheka kidogo. Mfinyanzi hulia gaeni. "Za wateja nimefika mbali. Za marehemu mume wangu bado zimo humo humo. Kila siku nasema kesho."

Wiki iliyopita diski ilianza kulia, kama mchele unaotikiswa ndani ya kopo. "Nikiusikia ule mlio, nazima hapo hapo," anasema. "Ikifa, sina pa kumwona tena yule mzee. Naogopa, jamani."

Saa nane na dakika tano anaiwasha. Thelathini na nane. Picha inatoka: kijana wa shati la mistari, anayejizuia kucheka. Mwanamume anaishika kwa mikono miwili na kulia bila kujificha.

Akishajifuta uso, anachungulia skrini. "Sasa ni ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi anza na mumeo."

"Na wale?" Mlangoni wamesimama wateja wawili na karatasi zao za kuchapa.

Mwanamume anawaendea. "Jamani, mama ana msiba wake humu ndani. Mwacheni kidogo." Kisha anaondoka kwenda kuzika.

Mama Picha anafungua faili la picha za mumewe, ambalo hajaligusa kwa miaka minne. Anataka akimaliza aikuze moja, aitundike ukutani. Wateja wanasubiri bila kunung'unika. Tarakimu inapanda taratibu, na inapofika hamsini anaizima mashine kama kawaida yake.

"Zimepita themanini na moja kati ya mia tatu," anasema. "Kesho naanza naye tena. Safari hii wateja ndio watakaosubiri."