Mushiya Anunua Kamera

Labo ya mwisho ya kusafisha filamu mjini Kolwezi ilifungwa mwezi wa Novemba 2008. Mushiya alifika na filamu tatu za ubatizo mkobani, akakuta mashine inapakiwa kwenye lori. Mwenye labo alimrudishia filamu zake bila kumtazama usoni, akasema anahamia Zambia. Bei ya shaba ilikuwa imeporomoka, wanunuzi wa madini wamefunga maghala yao, na mtu anayekula mara moja kwa siku haendi kupigwa picha.

Mushiya alikuwa na miaka thelathini na minane na studio ya chumba kimoja huko Manika, mtaa mmoja wa Kolwezi. Kazi hiyo aliifundishwa na baba yake, Badibanga, ambaye kwa miaka ishirini alipiga picha za harusi za wafanyakazi wa mgodi. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoa wa Katanga, ulimo mji wa Kolwezi, familia yao ililala wiki tano kwenye kituo cha reli ikingoja treni. Badibanga alibeba kamera, akaacha masanduku yote ya negativu, zile filamu za kuchapishia picha. Alifariki huko Mwene-Ditu kabla ya mwaka kwisha. Mushiya aliporudi Kolwezi mwaka 2001, alikuta watu wengine wanaishi katika nyumba yao. Karatasi za nyumba zilikuwa zimepotea njiani. Mkuu wa mtaa alimwuliza kama ana chochote cha kuonyesha kwamba waliwahi kuishi pale, hata picha. Binti wa mpiga picha hakuwa na picha hata moja.

Sasa, bila labo, kamera ya baba yake ilikuwa chuma tu. Alihitaji ya dijitali, na uwezo wake ulikuwa mdogo.

Kwanza aliingia duka moja karibu na soko. Muuzaji alimwekea mbele kamera ndogo inayong'aa.

"Mama, hii iko na megapikseli kumi na mbili. Kolwezi muzima hakuna ingine inaipita."

"Simama pale ndani, kwenye giza," Mushiya akasema. "Usiwashe taa."

Alibonyeza. Kamera ilisita kidogo, na picha ilipotoka muuzaji alikwisha kugeuza kichwa. Uso wake ulionekana kama umemwagiwa mchanga. Betri yake nayo ilikuwa ya namna yake peke yake, lazima ichajiwe, na mtaani kwa Mushiya umeme ulikuja siku mbili ukapotea tatu.

"Asante, tata," akasema, akimwita baba kwa heshima, akaondoka.

Wiki iliyofuata alisikia habari za Stany, mpimaji wa ardhi aliyeachishwa kazi kampuni yake ilipofunga milango. Bosi wake, siku ya kuondoka, alikuwa amemwachia kamera kubwa ya lenzi ya kubadilisha, imechubuka pembeni, megapikseli sita tu. Mushiya aliielekeza lenzi dirishani kutafuta ukungu na mikwaruzo. Alipiga picha ya ukuta mweupe aone kama kuna vumbi ndani. Alibonyeza mara thelathini akisikiliza mlio. Mwishowe alimpiga picha mke wa Stany, Mamie, aliyesimama mlangoni mwa jikoni, nusu juani, nusu kivulini. Picha ilitoka palepale, macho yakionekana hata upande wa kivuli.

"Megapikseli sita tu?" Mamie aliuliza. "Haiko kidogo?"

"Batu banaweka picha mu salon ya nyumba, mama, hapana ku mabango ya barabara," Mushiya akamjibu. " Sita inatosha."

Tena ilitumia betri nne za kawaida, zile za tochi zinazouzwa kila kibanda. Hilo ndilo lililomfanya akate shauri.

"Iko na shida yoyote?" alimwuliza Stany.

"Hapana, mama. Inatumika bien, muzuri."

Stany hakudanganya. Alikuwa ameitumia mara tatu tu maishani. Mushiya aliuza cherehani yake, akainunua.

Katikati ya Januari, Séraphin alikuja studio. Alikuwa katekista na msemaji wa Kambi Tujikaze, kambi ya wachimbaji kando ya machimbo. Ardhi ile ilikuwa imepewa kampuni mpya, na wakaaji walipewa siku kumi kuhama. Kila familia iliyokuwa na nyumba pale mwezi huo ingepata mabati na nafasi kwenye lori, lakini wahesabu wa tume ya kuhamisha watu walipita nusu siku tu, wakaruka nyumba sitini na tatu.

"Tunataka picha ya kila famii mbele ya mulango yake," Séraphin alisema. "Na date ionekane juu ya picha. Bila date batatukatalia."

Mushiya alikubali kabla Séraphin hajamaliza kusema. Usiku ule aliipanga kamera iandike tarehe kwenye kona ya kila picha.

Alifika kambini Jumatano asubuhi, mashine za kubomoa zikiwa tayari zimeegeshwa barabarani. Watu walivaa nguo za kanisani. Wengine walisimama na viti vyao na sufuria, kama wanaogopa kwamba bila vitu picha haitatosha. Alipomaliza nyumba ya thelathini na nne, betri ziliisha. Alibadilisha haraka. Kioo cha kamera kikaandika maneno fulani, lakini jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakimwita. Akabonyeza kitufe kukubali, akaendelea. Mlango uliofuata ulikuwa wa Mama Ndaya, mjane mwenye watoto wanne. Alimwomba Mushiya asubiri kwanza afagie mbele ya nyumba. Mushiya akasubiri.

Kesho yake alikuwa kwenye sekretariati, chumba cha kompyuta ambako watu huchapisha karatasi. Picha thelathini na nne zilitoka vizuri. Ya thelathini na tano ilikuwa na tarehe kwenye kona: 01/01/2005. Zilizofuata vilevile, zote ishirini na tisa. Saa ya ndani ya kamera ilikuwa imekufa zamani. Kila betri zilipotolewa, tarehe ilirudi mwanzo.

Mushiya alikaa chini. Mwaka 2005 Kambi Tujikaze haikuwepo. Palikuwa majani matupu. Na saa ileile mashine zilikuwa zimeanza kubomoa. Hapakuwa na kurudia.

"Mama, usilie," alisema kijana wa kompyuta. "Minabadilisha date hapa hapa. Dakika mbili."

Mushiya alizitazama zile tarakimu muda mrefu. Lilikuwa jambo jepesi, na tarehe ambayo ingeandikwa ilikuwa ya kweli.

"Bakiona moja tumeigusa, batakataa zote," akasema mwishowe. "Acha vile."

Alimweleza Séraphin. Séraphin hakugomba. Alishika kichwa kwa mikono miwili, na hilo lilimwuma Mushiya kuliko matusi. Wakaenda pamoja kwenye ofisi ya tume, kwa karani aitwaye Banza. Banza alizigawa picha mafungu mawili, akalisukuma la pili.

"Hizi ni za 2005. Ni za pahali pengine."

Mushiya alitoa kamera mkobani. Mbele ya macho ya Banza akazitoa betri nne, akazirudisha, akampiga picha. Akamgeuzia kioo.

"Tata, angalia date. Mu 2005 ulikuwa unaikala ku hii kiti?"

Banza aliutazama uso wake mwenyewe wenye tarehe ya miaka minne nyuma. Yeye aliletwa ofisi ile Desemba iliyopita tu. Akaichukua kamera, akatoa betri yeye mwenyewe, akarudia. Tena 2005.

"Sawa," akasema. "Lakini mwenye nyumba aje atie sahihi mwenyewe. Mwisho ni kesho saa sita."

Séraphin na Mushiya walizunguka mji mzima, makanisani, kwa ndugu, kwenye maegesho ya malori. Kufika saa sita ya Ijumaa, familia kumi na nane kati ya ishirini na tisa zilikuwa zimetia sahihi. Kumi na moja zilikwisha kuondoka, zingine kuelekea Sandoa, zingine hakuna aliyejua wapi. Banza alifunga kitabu chake; zile kumi na moja hazingepata bati wala lori.

Mama Ndaya alikuwa ameenda Lubudi, kwa kaka yake mkulima. Mushiya alimfuata mwezi wa pili, akamkuta anaanika mihogo. Alimpa picha, akamweleza yote bila kujificha.

Ndaya aliishika picha kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na unga. Aliutazama mlango, na uwanja alioufagia.

"Mbona haukuangalia date, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikuangalia. Nilikuwa ninaharakisha."

Ndaya alipangusa unga mikononi. Akaingia ndani na ile picha, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na kiti kimoja mkononi. Akakiweka kivulini karibu na mihogo.

"Ikala," akasema. "Umetoka mbali."