Mlio wa Boti ya Mbita

Mama aliyekaanga samaki Luanda Kotieno miaka ile ya themanini alikuwa na sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ziwa, Mbita. Wateja wote aliwaita Baba, akawatania, akageuza samaki wa ngege kwenye karai kwa vidole vitupu kana kwamba mafuta yale yanamjua. Kigoda chake hakukikalia mtu. Nahodha wa boti ya Mbita peke yake hakutaniwa. Huyo aligombezwa: mara amechelewa, mara shati limechanika, mara anakula kama anafukuzwa. Lakini samaki wake aliingia kwenye mafuta mara tu mlio wa injini uliposikika kwa mbali, na akishuka anamkuta ameiva. Sisi wauzaji wenzake tulitazamana tu.

Siku moja ziwa lilichafuka, na mlio haukusikika. Mchana ukapita, jua likaanza kushuka. Mama alinyamaza, moto ukamzimikia, samaki akabaki mbichi kwenye sinia. Halafu boti ikatokea kimya kimya, abiria wote wazima, wanaume wakipiga makasia. Injini ilikuwa imekufa katikati ya maji.

"Wewe, kwani unakuja kimya namna hii?" Mama akamfokea nahodha, huku akitumbukiza samaki kwenye mafuta yaliyopoa. "Mimi ningejuaje? Samaki yako bado!"

"Si nitangoja, Mama," nahodha akasema.

Mama akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kama anayehakikisha hakuna kilichobaki majini. Kisha akamsogezea kigoda chake.