Mgongo wa Gauni

Sijui kukaa. Sisemi kwa majivuno, ni ugonjwa. Nyumbani kwangu Kitisuru kuna viti vya kutosha kukalisha kwaya nzima, na bado chai nainywea dirishani nimesimama, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nasubiri kuitwa kweli. Nilikuwa mwanamitindo, mmoja wa wale ambao nyuso zao zilibandikwa kwenye mabango ya barabarani, nikavaa nguo za watu katika miji ambayo sikuona chochote isipokuwa vyumba vya kubadilishia. Baadaye nikawa mwigizaji. Sasa nina duka la magauni Kilimani. Watu husema nimefanikiwa mara tatu. Mimi huona nimetoroka mara tatu, na wa kwanza niliyemtoroka alikuwa mama yangu.

Mama ni fundi wa nguo. Alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa msichana, na hadi leo ana nafasi yake katika ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya jiji, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao kati ya mafundi wanne. Nilirefuka mapema, nikawapita wateja wake wengi kabla sijamaliza shule ya msingi, basi akanifanya sanamu yake ya kupimia. Nikitoka shule nilipandishwa kwenye kigoda, nikavishwa gauni la mtu lililojaa pini, na mama akaamuru kwa upande mmoja wa mdomo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umeshika pini nyingine: "Geuka. Polepole. Simama hapo hapo."

Nilichukia kile kigoda. Miguu ilikufa ganzi, pini zilinichoma, na nikitikisika nilichapwa kofi dogo la paja. Lakini ndipo nilipojifunza kugeuka bila gauni kuyumba, na kusimama mpaka mtu asahau kwamba ndani ya nguo kuna msichana mwenye njaa. Siku nilipojaribiwa kwa kazi ya mitindo, waliniuliza nimesomea wapi kutembea vile. Nilicheka tu, wakadhani naficha chuo cha maana.

Baada ya mwaka wa kwanza ughaibuni nilirudi na kualikwa kwenye televisheni. Mtangazaji akaniuliza nani alinifundisha. Wenzangu walikuwa wakitaja shule za nje na walimu wenye majina magumu. Mimi nilikuwa na kigoda, harufu ya pasi na mafuta ya cherehani. Niliona haya. Nikasema, "Hakuna mtu aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe." Nilisema nikitabasamu. Sikujua kwamba mafundi wote wanne, mama akiwemo, walikuwa wamefunga kazi na kukusanyika mbele ya televisheni ya jirani kunitazama.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Nilipomtembelea siku iliyofuata, alipangusa benchi la wateja kwa kitambaa, akaniambia karibu, akamtuma mtu aniletee soda. Mtoto wa nyumbani haletewi soda. Huambiwa aifuate mwenyewe dukani na arudi na chenji. Toka hapo, kila nilipokuja, benchi lilipanguswa na soda ikaletwa. Nilikuwa mgeni. Niliinywa haraka haraka na kuondoka, nikijiambia nina kazi nyingi.

Uigizaji ulinishinda kwa sababu ya kiti. Niliigiza mke wa mchungaji tajiri, na maisha ya mke yule yalikuwa mezani: kula, kulia, kuombea chakula. Kila tukianza kurekodi nilikuwa nimeshainuka kwenda dirishani. "Madam, tafadhali," mwelekezi alinisihi siku moja, "keti kama mtu ako kwake." Sikuweza. Mwishowe waliniua kwa ajali ya gari ambayo mtazamaji aliisikia tu kwa simu. Hata jeneza sikuonyeshwa ndani yake. Nadhani waliogopa nitaamka nianze kutembea.

Basi nikafungua duka. Nilijiambia nguo nazijua kuliko mtu yeyote, maana nimezivaa maisha yangu yote. Ukweli ni kwamba nilizijua kwa mbele tu. Nguo za maonyesho zilikuwa kubwa au ndogo, haikujalisha. Zilivutwa nyuma na kubanwa kwa vibanio na pini, mbele zikanyooka, picha ikapigwa. Mgongo haukumhusu mtu. Na vipimo vyangu, vile nilivyoitwa navyo kazini kabla hata ya jina langu, vilikuwa vitatu: kifua, kiuno, nyonga.

Mwaka jana wakaja shangazi wanane wa msichana mmoja aliyekuwa akitolewa mahari. Walikuwa familia ya Kikuyu ya pembezoni mwa jiji, watu wa mashamba na nyumba za kupangisha, wameona picha zangu na kuzipenda. Walitaka magauni yanayofanana. Niliwapima wote kwa furaha kubwa: kifua, kiuno, nyonga. Migongo nikaikata kama wangu.

Jumatano walikuja kujaribu. Mbele ya kioo walipendeza mno, wakapigana picha. Kisha shangazi mkubwa akainama kuokota mkoba wake, na gauni likapasuka toka shingoni hadi kiunoni. Sauti ya kule kupasuka ningali naisikia.

"Wewe!" akaniambia, akijishika nyuma. "Hii nguo ni ya kuvaa ama ni ya kusimama nayo? Saturday tunabeba chakula, tunapiga magoti, tunacheza. Sisi si picha."

Alhamisi asubuhi nilipanda ngazi za lile jengo na magauni manane begani. Mama aliniona, akachukua kitambaa, akaanza kupangusa benchi.

"Karibu. Uletewe soda?"

"Sitaki soda, Mum. Nimekwama."

Aliligeuza gauni ndani nje, akaupitisha mshono kati ya vidole. Mama huacha kitambaa cha vidole viwili ndani ya kila mshono, kwa sababu mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimekikata chote.

"Nani alikata hii?"

"Ni mimi."

"Na kitambaa ya ndani iko wapi?"

"Niliitoa. Ilikuwa inafanya gauni ionekane nene."

"Ulipima mgongo?"

Nikainamia magauni yaliyobaki. Alinitazama, nikajua anaona kila kitu, hata yale ya televisheni. Kisha akavuta kile kigoda cha zamani, akakigonga kuondoa vumbi, akanipa wembe.

"Kaa. Fumua zote nane, mgongo peke yake. Ukikata kitambaa nitakuchapa."

Nilikaa. Siku mbili nilikaa, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mgongo uliwaka, magoti yalirukaruka chini ya kitambaa, macho yalikimbilia mlangoni kila mtu alipopita. "Huo mguu," mama alisema bila kuinua kichwa, nao ukatulia kidogo, ukaanza tena. Nilifumua, yeye akatia kipande kirefu cha kitambaa cha maua katikati ya kila mgongo, kana kwamba kilipangwa kuwa hapo tangu mwanzo. Hatukuzungumza mambo yetu. Duka kufa kungeniuma, ila ningepona. Nimetoroka vitu vikubwa kuliko duka. Nilichokuwa nikikitaka ni kwamba Jumamosi ikipita nisirudishwe tena kwenye benchi la wateja. Sikujua namna ya kuomba kitu kama hicho.

Ijumaa mchana alikuja mteja kuchukua suti yake, mwanamke wa ofisi za serikali. Akaniona chini pale, nyuzi zimejaa mapajani, akashtuka.

"Aki si wewe ni yule wa TV? Kumbe pia unajua kushona! Nani alikufunza?"

Cherehani ilisimama. Mafundi wengine watatu nao walisimamisha zao upande wa pili wa mbao. Nikafungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Huyu hakuna mtu alimfunza," akasema kwa upole. "Alijifunza mwenyewe." Akaanza kukanyaga cherehani tena.

Uso wangu uliwaka. Mwili wangu wote ulitaka kusimama na kuelekea ngazi. Nilishaona mkoba wangu ulipo. Nikajikalisha kwa nguvu, wembe mkononi.

"Nilidanganya," nikamwambia yule mwanamke, kwa sauti ya kusikika na mafundi wote. "Nilifunzwa hapa, kwa hii kigoda. Kusimama, kugeuka, kila kitu. Ni yeye alinifunza. Niliona aibu, nikadanganya kwa TV."

Yule mwanamke alikumbatia suti yake, akaaga, akaenda zake. Mama alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Najua ulidanganya," akasema. "Nilikuwa hapo ukifunzwa."

Nikalia. Aliniacha nilie. Kisha akanitupia gauni la mwisho, lile la shangazi mkubwa, lililo pana kwangu kama shuka, akachukua kikopo cha pini.

"Toka kwa kigoda. Sasa panda juu yake. Vaa hii nione mgongo."

Nikapanda. Miaka hamsini nakaribia, na kigoda kililia chini yangu. Akasimama nyuma, pini upande mmoja wa mdomo, mkono wake kiunoni mwangu.

"Geuka," akasema.

Nikageuka haraka, kwa mazoea, kama kule jukwaani, chini ya mataa. Kofi dogo likanipata pajani.

"Polepole."