Miguu ya Mtoto wa Punda

Nilipoolewa Goweko, enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa kibarua wa reli na nyumbani alionekana kwa nadra. Nikabaki na wazazi wake. Mama mkwe alinipokea kama bintiye. Baba mkwe naye hakunichukia, ila kwa mila zetu Wanyamwezi, mzee na mke wa mwanawe hawazungumzi ovyo. Nikimwona anakuja njiani nilipinda pembeni, nikapiga goti na kuinamisha macho. Akitaka maji alimwambia mkewe, mkewe akaniambia mimi, ingawa tulikuwa ua mmoja na nilikwisha kusikia.

Aliyezungumza naye bila mipaka alikuwa punda wake jike. Bibi yake punda huyo aliachwa na msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, mguu umevimba, na wazee wa nyumba ile wakamwuguza. Huyu wa sasa ndiye aliyebeba karanga zetu hadi duka la Mhindi, Kigwa. Alipozaa, baba mkwe alisema mtoto wake hatalala kwenye tope. Akaenda kuokota matofali mabovu stesheni, akasakafia banda lote kwa mikono yake.

Siku hizohizo mama mkwe akaenda Sikonge, binti yake amejifungua. Tukabaki wawili. Nilikuwa naweka ugali barazani, nakohoa, naondoka, ndipo anakuja kula.

Haukupita muda mrefu, mtoto wa punda akaanza kunyonyoka manyoya miguuni. Jirani mmoja akapita, akatazama, akasema ni upele: atengwe na mama yake, aoshwe kwa maji ya tumbaku kali. Baba mkwe akaloweka majani ya tumbaku kwenye kibuyu, kisha akasimama nacho mlangoni pa banda bila kuingia. Mimi nilikuwa nasaga mtama kando ya ukuta.

“Mtoto wangu,” alimwambia punda, kwa sauti ya kunifikia, “kama kuna mtu humu uani anayejua ugonjwa wako, si aseme?”

Nikaacha kusaga. Nikampa baba mkwe mgongo, nikamjibu punda. “Punda, mwambie baba asikumwagie tumbaku kwanza. Nije nikutazame.”

“Mwambie aje,” akasema, akageukia ukutani.

Niliingia nikachuchumaa. Manyoya yalikuwa yametoka kwenye magoti ya mbele na kwenye viungo vya nyuma, upande wa nje tu. Ngozi ilikuwa imechubuka kidogo, bila usaha wala uvimbe. Mtoto hakujikuna. Alinisukuma kwa kichwa, akaenda kunyonya, na mama yake hakuwa na alama yoyote mwilini. Kisha akalala, akajiinua tena kwa shida, magoti yakikwaruza tofali, nami nikaelewa.

“Punda,” nikasema, “wewe huna upele. Kila unapolala na kuinuka unajichubua kwenye sakafu. Hata mimi magoti yangu yako hivyo, kwa kupiga magoti kwenye ardhi tupu nikisaga.”

Baba mkwe alikitua kibuyu chini. Halafu akasema polepole, “Mwambie sakafu ile niliiweka kwa kukupenda.”

“Anajua, baba,” nikamjibu.

Nilikuwa nimemjibu yeye mwenyewe. Tuliduwaa wote wawili. Nikafunika uso kwa kanga, nikingoja anikemee. Alikohoa, akamwaga ile tumbaku nyuma ya banda, akarudi na jembe na kuanza kung'oa matofali. Mimi nikaenda kukata nyasi kavu za kutandika. Kisha nikayeyusha nta kidogo ndani ya mafuta ya karanga, nikapaka palipochubuka asubuhi na jioni. Yeye alimshika mtoto shingoni akimbembeleza kwa majina ambayo sijawahi kusikia akimwita mtu.

Siku iliyofuata nilikuta ngozi ya mbuzi imetandikwa mbele ya jiwe langu la kusagia. Nikapiga magoti juu yake, nikasaga.

Mama mkwe aliporudi, manyoya yalikuwa yameanza kuota, laini na meusi kuliko ya zamani. Alitukuta bandani, baba mkwe akimwambia punda kwamba mafuta yamekaribia kwisha, nami nikimjibu punda kwamba karanga zipo. Alitua mzigo akacheka hadi akakaa chini.

“Sasa nimerudi,” akasema alipopata pumzi, “mpumzisheni mnyama wa watu.”

Tukarudia utaratibu wetu, maneno yakapita tena kwake. Mambo ya punda tu ndiyo yaliruhusiwa kwenda moja kwa moja. Na punda yule mdogo, kwa maneno ya baba mkwe, akawa na mambo mengi mno: mara anauliza kama mume wangu wa relini ameleta habari, mara anaona mkwe amekonda, mara anasema mboga ya leo ilikuwa tamu.